Jicho Juu ya Ghala la Roy

Dada yangu mpendwa Genoveva,

Shikamoo dada. Mfikishie Mama shikamoo yangu kwanza, kisha mwache apumzike nawe usome barua hii peke yako. Utaamua mwenyewe lipi la kumwambia na lipi la kumeza. Baridi ya mwezi wa sita huko mlimani naijua; magoti yake yanasemaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Habari ya kahawa nimeipata. Uliniandikia kwamba mmeng'oa mibuni ya upande wa chini wa shamba la kihamba mkapanda nyanya. Nilikasirika siku nzima, halafu nikajiuliza, mimi niliyeondoka nina haki gani ya kukasirika? Wanaoamka na jembe ni ninyi.

Mimi mwili hauumwi. Lakini situlii, dada. Barua hii nimeianza mara tatu. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, nikishatazama mbingu narudi mezani nakuta nimesahau nilikofika. Kwenye simu, kabla kadi ya simu haijaisha, uliniuliza, "Felista, mbona sauti yako ni ya mtu anayekimbia?" Nikakujibu ni uchovu wa zamu. Nilikudanganya. Mwaka mzima nimekuficha jambo, na sasa watu wasionijua wamelisikia kabla yako wewe uliyenibeba mgongoni. Hiyo si haki.

Krismasi nitakuja, Mungu akijalia. Hilo usilitilie shaka. Ila nataka nikifika uwe umeshajua.

Unakumbuka nilikwambia mwaka jana kwamba upepo uliezua mapaa hapa mjini? Haukuwa upepo wa kuezua mapaa tu. Unakumbuka visulisuli vya Kahe, tulipokuwa tukishuka kwa shangazi wakati wa kiangazi, vile vinavyozungusha vumbi na majani makavu barabarani nasi tunafumba macho na kucheka? Fikiria kisulisuli kimoja, kinene kupita kanisa la Kilema, kinashuka kutoka mawinguni na kutembea juu ya ardhi. Kinang'oa mti na mizizi yake. Kinabeba gari. Kimbunga hicho wenyeji wanakijua tangu watoto, na kila nyumba ina shimo la kujificha. Nchi yenyewe ni tambarare tupu, ngano na ng'ombe. Hakuna mlima wa kukuambia uko upande gani. Miaka minne niko huku ughaibuni na bado asubuhi nikitoka nje jicho langu linatafuta Kibo.

Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko ukingoni mwa mji, na mji wenyewe haufiki hata ukubwa wa soko la kule Mkuu. Nilikuwa zamu ya mchana nikiwa na wazee kumi na mmoja upande wangu. Kati yao alikuwa Bibi Loretta, mwenye umbo dogo, mpole, aliyependa nimsuke nywele zake nyeupe mikia miwili kama msichana. Na alikuwepo Mzee Walter, mkulima wa zamani, mkali, ambaye kila siku hukaa kwenye kiti chake cha magurudumu dirishani.

Mchana ule joto lilikuwa la kunata. Televisheni ikasema kuna dhoruba, lakini iko mbali, kaskazini. Mzee Walter akaniita.

"Felista, njoo uone. Upepo umesimama ghafla."

Nikaenda. Mbingu ilikuwa ya rangi ya kijani, kama maji ya mfereji wa mfongo yaliyolala. Ng'ombe wa jirani wote walikuwa wamejikusanya kona moja ya uzio.

"Kinashuka," akasema. "Wingu lile limeanza kuzunguka kwa chini. Waondoe watu madirishani."

"King'ora hakijalia, Mzee."

"King'ora hakina macho! Mimi ninayo."

Dada, kanuni ya nyumba ile ilisema wazee wasihamishwe mpaka king'ora kilie, kwa sababu ukiwahamisha ovyo wanaanguka, wanavunjika nyonga. Nami niliogopa msimamizi. Mtu aliyepunguzwa kazi kiwandani Moshi siku kilipouzwa, akazunguka na vyeti mkononi hadi soli ikaisha, hawi mwepesi wa kuvunja kanuni. Nikamwambia Mzee Walter, "Tusubiri kidogo." Nikaenda kugawa juisi. Nilikuwa nagawa juisi, dada.

Zilipita kama dakika ishirini. King'ora kilipolia, kelele ilikuwa imeshafika, kama malori mengi yanapanda mlima kwa gia ndogo. Tuliwakimbiza koridoni mmoja mmoja, mimi na mwenzangu. Mzee Walter alijisukuma mwenyewe na kumvuta jirani yake kwa shati. Nilirudi kumchukua Bibi Loretta, nikamkuta amekaa kitandani ananisubiri. Nikamshika mkono. Ukuta ukaondoka. Sina namna nyingine ya kulisema: ulikuwepo, ukawa haupo. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni chini ya mlango, mkono wake bado uko mkononi mwangu, na yeye alikuwa ameshakata roho.

Nimesimama kidogo nikanywa maji. Naendelea.

Mwana wa Bibi Loretta anaitwa Roy, mtu mzima wa umri wa shemeji, ana mashamba ya ngano na ghala la nafaka la chuma refu kuliko kitu chochote upande huu. Siku ya mazishi alinifuata mbele ya watu akanishika mabega yote mawili. "Ulikuwa naye," akasema. "Najua ulifanya kila ulichoweza. Asante." Nikasema, "Pole sana." Tu. Tangu siku ile sikupata usingizi wa maana. Upepo ukivuma kidogo nasogeza vitanda. Wenzangu walinicheka, kisha wakaacha kunicheka.

Baada ya miezi michache mama mmoja anayefanya kazi posta, Darlene, aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa. Mtaalamu wa ofisi ya hali ya hewa alikuja kutoka mji mkubwa akatueleza kwa nini king'ora kilichelewa. Wana chombo kinaitwa rada, kinaona mawingu, lakini kiko mbali na dunia imejipinda. Nilimwelewa haraka kuliko wenyeji. Ni kama mtu aliyekaa juu Kibo akitazama Kahe: mawingu anayaona vizuri, lakini kinachotambaa chini ya mawingu hakioni. Ndiyo maana wanategemea waangalizi wa kujitolea, wakulima wanaotoka na magari kutazama kwa macho na kupiga simu. Siku ile mwangalizi wa upande wetu alikuwa hospitali na mkewe. Hakukuwa na jicho.

Darlene akasimama. "Basi tuweke macho yasiyougua," akasema. "Kamera. Juu ya maghala, juu ya matangi ya maji, kote vijijini. Picha ziende kwa waya wa simu mpaka ofisini kwao."

Mtaalamu akasema inawezekana, ila ofisi yake haina fungu la kazi hiyo. Lazima bunge la jimbo likubali. Darlene akauliza nani atamsaidia kukusanya saini. Nikaona mkono wangu uko juu.

Tulizunguka majira yote ya baridi, kwenye gari lake bovu, shamba kwa shamba. Nilidhani watu waliopoteza mapaa watatupokea kwa vigelegele. Wapi! Wengine walitia saini hata hatujamaliza kusema. Wengine walisema, "Leo mnatazama mawingu, kesho mtatazama nani kaingia kwangu." Mzee mmoja aliniuliza mimi, si Darlene, kwani kwetu tuna kamera ngapi. Nikamjibu kwetu tuna jirani, maji yakivunja mfongo juu, wa juu anapiga yowe na wa chini anasikia. Akatabasamu. Lakini hakutia saini.

Roy alitukatalia getini.

"Sitaki jicho la serikali juu ya ghala langu," akasema.

"Ni kwa ajili ya watu kama mama yako," Darlene akamwambia.

"Usimtaje mama yangu." Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Wewe sikuwekei kinyongo. Wewe ulikuwa naye."

Nilirudi garini nikashindwa kufunga mkanda. Darlene akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote, juu ya Mzee Walter na juisi. Alizima injini. Vioo vikaingia ukungu. Halafu akasema, "Mimi siwezi kukuambia useme. Wala siwezi kukuambia unyamaze."

Mbunge wa upande wetu alikuwa kijana wa tai nyembamba, mchangamfu, anayehesabu kura kama muuza mayai. Alituambia ofisini kwake, "Kamati ina wajumbe tisa. Wanne wako nasi. Takwimu wamezichoka. Nileteeni mtu aliyekuwepo." Wote wakanitazama.

Siku ya kamati tulikaa kwenye benchi nje ya mlango tangu asubuhi. Kila tukichungulia tunaambiwa bado. Nilimkumbuka Baba na ombi lake la lile daraja la kwetu, alivyokuwa akishuka ofisi za wilaya Moshi, koti lake la misa mwilini, anakaa kwenye benchi, anaambiwa njoo kesho. Nilifikiri benchi lile ni letu peke yetu. Kumbe ni lile lile, ila la huku lina mto wa kukalia.

Roy alikuwa ndani. Alikuja kupinga. Aliongea vizuri, kwa utulivu, kofia mkononi. Alisema alimpoteza mama yake siku ile na bado hataki kamera, kwa sababu wahudumu walifanya yote waliyoweza na hakuna mtambo ungebadilisha kitu. Watu wakaguswa. Niliona wajumbe wanaitikia kwa vichwa. Kisha nikaitwa mimi, dakika tatu.

Nilikuwa nimeandika karatasi, Darlene akainyoosha Kiingereza. Nilisoma nusu yake. Mjumbe mmoja mama, mwenye miwani ya kamba, akanikatiza.

"Samahani. Hebu tuseme kamera ingekuwepo. Mngefanya nini tofauti? Au ni kweli asemavyo Bwana Roy?"

Dada, ningeweza kusema lolote. Nilimtazama Roy na yeye alikuwa ananitazama kwa upole, kama mtu anayemtia moyo mgonjwa. Upole ule ndio ulionishinda.

Nikaweka karatasi chini. Nikasema, "Si kweli kwamba tulifanya yote. Palikuwa na mtu aliyekiona. Mzee mmoja dirishani. Aliniambia kinashuka, niwaondoe watu. Sikumsikiliza. Nilisubiri king'ora. Nilikuwa na dakika ishirini nikazitumia kugawa juisi."

Yule mama akasema polepole, "Basi jicho mlikuwa nalo. Kamera ya nini?"

Nikasema, "Jicho la Mzee Walter halikuwa na mahali pa kupeleka lilichokiona. Lilinifikia mimi, na mimi ni mtu mdogo ninayeogopa kufukuzwa. Kama lingewafikia wale wenye king'ora, wangekipiga, na mimi ningetii. Mimi ni mtii sana. Ndilo kosa langu. Leteni jicho ambalo halihitaji kuaminiwa na mtu kama mimi."

Sikumbuki nilivyoondoka pale mbele. Koridoni Roy alinifikia. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Dakika ishirini," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulinyamaza pale makaburini."

"Nilinyamaza."

"Nilikushukuru mbele ya watoto wangu."

Alivaa kofia akashuka ngazi. Nilimsikia mpaka hatua ya mwisho.

Wajumbe watano walikubali, wanne walikataa. Hawakutoa fungu la jimbo zima kama alivyotaka Darlene. Walitoa majaribio ya kamera tatu katika wilaya yetu, kwa msimu mmoja, na kwa sharti kwamba wenye maghala watoe nafasi wenyewe. Mbunge wetu alipiga picha na kila mtu. Mimi niliomba nisipigwe.

Jumatatu iliyofuata msimamizi alinitoa upande wa wazee akanipeleka chumba cha kufulia mpaka uchunguzi uishe. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza." Hapo alikuwa na haki. Niliandikisha maelezo mara mbili. Mwishoni walisema nilifuata kanuni, hivyo sina kosa la kazi, na kanuni yenyewe wakaifuta: sasa mhudumu yeyote akiona hatari anahamisha wazee bila kusubiri. Niliambiwa naweza kurudi upande wangu. Nikaomba nibaki kwenye kufua kwa muda. Mzee Walter alikasirika. Alijisukuma mpaka mlangoni kwangu akasema, "Umekosea mara moja unataka kukosea tena? Nani ataniletea chai ya moto?" Nilicheka, dada, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Lakini sikurudi. Bado.

Maghala mawili yalipatikana upesi. La tatu, lililohitajika kuliko yote kwa urefu wake, lilikuwa la Roy. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Katikati ya mwezi wa nne aliingia posta kununua stempu, akamwambia Darlene, "Waje Alhamisi. Yule mwanamke asije." Sikwenda. Nilikuwa naanika mablanketi nyuma ya jengo nikaona kwa mbali watu wanapanda ile ngazi ya chuma, wadogo kama siafu, na kitu kinang'aa mikononi mwao.

Wiki iliyopita hewa ikawa ile ile, joto la kunata, na mbingu ikageuka. Nilikuwa nimeshika kikapu cha nguo. Sikungoja kusikia kitu. Nikaacha kikapu, nikakimbia upande wa wazee, nikakuta wenzangu wameshaanza kuwatoa. Tulikuwa koridoni wote, milango imefungwa, Mzee Walter analalamika kwamba hajamaliza karata zake, ndipo king'ora kikalia. Kililia tukiwa tumeshakaa. Ofisini waliona kupitia kamera ya ghala la Roy wingu linajikunja, wakapiga king'ora bila kungoja simu ya mtu. Kimbunga kiligusa shamba la ngano, kikavunja uzio, kikapanda tena kikaenda zake. Hakuna aliyeumia. Wengine watasema kingepita tu, kamera iwepo isiwepo. Inawezekana.

Kesho yake mchana nilikuwa nakunja mashuka. Nikahisi mtu mlangoni. Alikuwa Roy. Hakuwa amekanyaga jengo lile tangu mama yake afe. Alisimama muda mrefu akitazama mashine zinavyozunguka.

"Aliogopa?" akauliza.

Nilitamani kusema hapana. Lakini nimeshaona ukimya na uongo wa huruma vinazaa nini.

"Aliogopa," nikasema. "Alinishika mkono kwa nguvu kuliko nilizodhani anazo. Aliniuliza kama wewe uko ndani ya nyumba. Nikamwambia uko ndani."

"Nilikuwa shambani."

"Sikujua. Nilimwambia uko ndani. Akasema, basi sawa."

Akainamisha kichwa. Mashine ikamaliza mzunguko wake. Sikuthubutu kumsogelea wala kumwambia pole nyingine. Nilichukua shuka iliyokuwa juu ya rundo, kubwa, ya vitanda vipana, ambayo mtu mmoja hawezi kuikunja vizuri. Roy akaweka kofia yake juu ya mashine, akaja akashika ncha mbili za upande wa pili. Tukaivuta, tukaikunja, tukakutana katikati akanipa ncha zake. Tukachukua nyingine. Tukaendelea hivyo mpaka rundo likaisha.

Hiyo ndiyo habari yangu, dada. Kama Mama akiuliza, mwambie Felista ni mzima na kazi inaendelea, si uongo. Mengine nitamwambia mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, jikoni, tukimenya ndizi za kiburu.

Wasalimie wote: shemeji na kikohozi chake, shangazi wa Kahe, mjomba Melkiori anayetengeneza pombe ya mbege ya sikukuu, na mama mkwe wako ambaye najua hunitaja kwenye rozari. Mwambie mwanao wa kwanza kwamba barua yake ya Kiingereza nimeisoma mara mbili na imenifurahisha.

Jibu upesi, hata kwa kunigombeza. Ningependa unigombeze wewe.

Mdogo wako asiyetulia,

Felista